Kulitafuta Tumaini Katika Siku za Kuelekea Krismasi: Mwongozo wa Majilio kwa Aliyechoka

Mtu aliyefiwa mwezi wa Oktoba haulizi Krismasi itakuwa lini, anauliza ataipitaje. Vivyo hivyo kwa yule ambaye sala zake zimekauka, au aliyepoteza kazi, au ambaye nyumba yake imekuwa mahali pa ukimya mzito: kila wimbo wa furaha anaousikia mapema Desemba humkumbusha umbali uliopo kati yake na watu wanaoimba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake kwanza, ingawa hata mwenye amani anaweza kuufuata na kupata faida.

Jambo ambalo wengi hatukufundishwa ni kwamba kipindi cha Majilio hakikupangwa kwa ajili ya watu walio tayari kushangilia. Yatazame makanisa yanayofuata kalenda ya liturujia: mavazi ni ya zambarau, wimbo wa Utukufu unanyamazishwa siku za Jumapili, na masomo yanayosomwa ni ya watu wanaotembea gizani, wanaolia, wanaouliza Mungu yuko wapi. Ni majuma manne yaliyotengwa kwa ajili ya kukiri kwamba jambo tunalolihitaji bado hatujalipata. Tunaporukia sherehe tangu mwanzo wa mwezi, tunaipita ile sehemu ambayo ndani yake tumaini hutolewa, kisha tunashangaa kwamba tarehe 25 imefika nasi tuko watupu.

Hatua ya kwanza: Tambua unachokitafuta

Kutamani sikukuu iende vizuri ni jambo moja, na kutumaini ni jambo jingine. Tamaa ya sikukuu njema hutegemea mambo yanayoonekana, yaani nani atakuja, fedha zitatosha au hazitatosha, mgonjwa ataruhusiwa kurudi nyumbani au la. Na yote hayo yanaweza kuvunjika kwa simu moja. Mtume Paulo analitenga tumaini na vitu hivyo anapowaambia Warumi, katika sura ya 8, kwamba kitu kilichotarajiwa kikionekana hakuna taraja tena. Kwa hiyo, mtu anayesema, "Sioni dalili yoyote, basi sina tumaini," amekosea mahali pa kuanzia. Kutoona dalili ndiko kunakolifanya tumaini liwe na kazi ya kufanya.

Lugha ya Kiebrania inatusaidia hapa. Neno *tikva*, linalotafsiriwa tumaini, ndilo lililotumika katika Yoshua sura ya 2 kwa ile kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani ili nyumba yake isalimike. Naipenda sana maana hiyo, kwa kuwa kamba haihitaji uchangamfu wa anayeishika. Mwenye furaha anaishika, anayelia anaishika, na asiyehisi lolote anaweza kuishika kwa mkono uliokufa ganzi, mradi upande wa pili kuna anayeivuta. Naye Rahabu, mwanamke wa Yeriko ambaye hakuna aliyemtazamia, anatajwa kwa jina katika nasaba ya Yesu, Mathayo 1:5. Kamba ile ilifika Bethlehemu.

Katika siku ya kwanza, basi, usijilazimishe kuhisi lolote. Andika tu, kwa sentensi moja, jambo unalotaka kulitumaini mbele za Mungu, na usipojua ni lipi, andika kwamba hujui.

Hatua ya pili: Jua una siku ngapi

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, ambayo ni sikukuu ya Mtume Andrea, na humalizika jioni ya tarehe 24 Desemba. Kwa sababu hiyo urefu wake hubadilika: mwaka 2022 kipindi kilianza tarehe 27 Novemba kikawa na siku 28, na mwaka 2023 kilianza tarehe 3 Desemba kikawa na siku 22 tu. Mwaka 2026 kinaanza tarehe 29 Novemba. Wakristo wa Kiorthodoksi wana desturi ndefu zaidi, yaani mfungo wa siku 40 unaoanza tarehe 15 Novemba.

Chagua wakati mmoja wa siku ambao unaweza kuulinda. Dakika kumi na tano zinatosha, na nasema hivyo kwa uzoefu: mwaka mmoja nilijipangia saa nzima kila alfajiri, na kufikia siku ya tisa nilikuwa nimeacha kabisa, nikabaki na hatia juu ya uchovu wangu wa awali. Ikiwa umesoma haya Desemba imekwisha kufika katikati, anzia hapo ulipo bila kujaribu kufidia siku zilizopita.

Hatua ya tatu: Tamka upungufu wako

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo mlango. Tumezoea kufikiri kwamba kulalamika mbele za Mungu ni ukosefu wa imani, kwa hiyo tunamletea maneno safi na kubaki na machafuko yetu. Zaburi ya 13 haifanyi hivyo. Ina aya sita tu, na katika zile mbili za kwanza mwimbaji anauliza "hata lini" mara nne: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako, hata lini nihuzunike moyoni mchana kutwa, hata lini adui yangu atukuke juu yangu. Hapati jibu. Anaomba macho yake yatiwe nuru, na ni katika aya ya tano ndipo anaposema kwamba amezitumainia fadhili za Mungu. Hakuna mahali panapoonyesha kwamba shida yake iliondoka kati ya aya ya pili na ya tano. Kilichobadilika ni kwamba ameisema yote, naye ameisema kwa mwenye kuisikia.

Fuata njia hiyohiyo. Chukua karatasi, uandike "hata lini" zako nne. Ziwe za kweli na mahususi: badala ya kuandika "hata lini mateso", andika "hata lini nitaamka saa tisa usiku nikimwaza mwanangu asiyepiga simu". Kisha zisome kwa sauti ukiwa peke yako. Utaona aibu kidogo unapoisikia sauti yako ikiyatamka maneno hayo, na pengine itakatika katikati. Usiikimbilie aya ya tano siku hiyo. Wengine hukaa katika aya mbili za kwanza kwa juma zima, na juma la kwanza la Majilio linawaruhusu.

Ikunje karatasi uiweke ndani ya Biblia yako, kwenye Isaya sura ya 9, panaposema kwamba watu wale waliokwenda katika giza wameona nuru kuu. Utaihitaji tena usiku wa mkesha.

Hatua ya nne: Soma aya sita kwa siku

Injili ya Luka ina sura 24, na watu wengi husoma sura moja kila siku kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 24 Desemba. Ni mpango mzuri kwa mwenye nguvu. Kwa aliyechoka napendekeza mwingine ulio mdogo zaidi. Sura ya kwanza ya Luka ina aya 80, na ya pili ina aya 52. Jumla ni 132. Ukisoma aya sita kwa siku kuanzia tarehe 3 Desemba, unamaliza tarehe 24 bila kubakiza hata moja. Ni siku 22 kamili, sawasawa na Majilio fupi kuliko yote.

Mwendo huo wa polepole hufunua mambo ambayo usomaji wa haraka huyafunika. Katika siku mbili za kwanza utakutana na Zakaria na Elisabeti, wazazi wa Yohana Mbatizaji, na utaona kwamba aya ya sita inawaita wenye haki mbele za Mungu, na aya ya saba inasema hawakuwa na mtoto. Kwa mpango huu aya hizo mbili zinaangukia siku tofauti, kwa hiyo utalala usiku mmoja ukijua tu kwamba walikuwa watu wema, na kesho yake ndipo utakapojua walichokikosa. Yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba shida yake inatokana na dhambi iliyofichika akae hapo, kwa sababu Luka ametanguliza haki yao makusudi, kabla ya kutaja utasa.

Tarehe 6 Desemba Zakaria anakuwa bubu, kwa kutoisadiki ahadi ya malaika kwamba atapata mtoto. Hatasema tena hadi aya ya 64, ambayo utaifikia tarehe 13. Kwa hiyo utaishi na ukimya wake kwa juma zima, na ndani ya juma hilo kila jambo kubwa linatukia bila yeye kutia neno: malaika anamwendea Mariamu, Mariamu anapanda milimani, mtoto anaruka tumboni mwa Elisabeti, na wimbo wa Mariamu unaimbwa. Mara nyingi nimewaza kwamba Zakaria ndiye msimamizi wa wale wasioweza kusali. Ahadi iliendelea kukua nyumbani mwake wakati mdomo wake umefungwa, tena ikikua licha ya mashaka yake. Nao ulimi wake ulipofunguliwa, wimbo aliouimba unafikia mahali panaposema kwamba mwangaza utokao juu umetufikia, kuwaangaza wakaao katika giza na uvuli wa mauti. Aliyajua hayo kwa kukaa kimya.

Utagundua kwamba tarehe 17 unafika kwenye hori, siku nane kabla ya Krismasi. Usipunguze mwendo ili uikute tarehe 25. Siku zinazobaki zinakupeleka kwa wachungaji, na kuanzia tarehe 19 hadi 22 zinakuweka hekaluni pamoja na Simeoni na Ana. Simeoni anaelezwa kuwa mtu aliyekuwa akiitarajia faraja ya Israeli. Ana alikaa na mume miaka saba tu, kisha akawa mjane hadi kufikia miaka themanini na minne, na hakuondoka hekaluni. Hawa walingoja muda mrefu kuliko wote katika simulizi, na walipopokea, walipokea kitoto cha siku arobaini kilichobebwa na wazazi maskini; hawakukiona kikikua, hawakuuona muujiza hata mmoja, na bado Simeoni alisema yu tayari kwenda zake kwa amani. Kwa mtu anayengoja jambo ambalo huenda asilione likikamilika katika maisha yake, sidhani kama kuna kampani bora zaidi katika juma la mwisho.

Kila siku, baada ya kusoma, chagua neno moja tu lililokugusa, uliandike pembeni ya tarehe. Siku ambayo hakuna neno lililokugusa, andika tarehe peke yake.

Hatua ya tano: Kaa gizani kabla ya kuwasha mshumaa

Shada la Majilio lenye mishumaa minne lilianzia katika mazingira ya watu wenye shida. Mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akitunza watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839 alitengeneza shada kwa gurudumu la mkokoteni, akaweka mishumaa midogo kwa siku za kawaida na mikubwa minne kwa Jumapili. Inasimuliwa kwamba watoto walikuwa wakimwuliza kila siku kama Krismasi imefika, naye akawapa njia ya kuhesabu kwa macho.

Huhitaji shada. Mshumaa mmoja unatosha, ingawa minne ina fundisho lake ambalo nitalitaja. Jambo la msingi ni mpangilio: zima taa kwanza, ukae gizani kwa muda wa pumzi kumi, ndipo uwashe. Giza la chumba hicho likupe nafasi ya kukumbuka karatasi uliyoikunja. Washa njiti, uone jinsi mwali unavyosinyaa unapoushika utambi, kana kwamba unakufa, kisha unasimama. Soma aya zako sita kwa mwanga huo. Mwanga wa mshumaa haufiki kwenye pembe za chumba, na haukusudiwi kufika, unatosha ukurasa.

Wenye mishumaa minne watazame Jumapili ya nne. Ule wa kwanza utakuwa mfupi kuliko yote, umeinama kidogo, nta imemwagika upande mmoja, na wa nne bado umesimama wima ukiwa mpya. Nimeona watu wakibadilisha wa kwanza ili shada lipendeze. Uacheni. Ule ndio uliowaka wakati hapakuwa na mwingine.

Jumapili ya tatu, ambayo katika makanisa mengi mshumaa wake ni wa rangi ya waridi, huitwa ya furaha. Ukifika hapo ukiwa huna furaha, washa mshumaa huo kwa niaba ya mtu mwingine unayemjua amepata jambo jema.

Hatua ya sita: Fanya tendo moja dogo ambalo Yohana angelitambua

Majuma ya pili na ya tatu ya Majilio ni ya Yohana Mbatizaji, na Yohana hana subira na huzuni inayojizungukia yenyewe. Makutano walipomwuliza wafanye nini, kwa mujibu wa Luka 3, aliwajibu kwa mambo ya kushikika: mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, mtoza ushuru asitoze zaidi ya ilivyoagizwa, askari asidhulumu. Hakumtaka mtu yeyote ahame kazi yake wala aende nyikani.

Basi tenda jambo moja, na liwe moja kweli. Rudisha deni dogo ambalo mdai amekwisha kulisahau, au toa nguo ambayo bado unaipenda. Mpigie mtu mliyeachana kwa maneno, na usianze na maelezo ya nani alikosa, mwulize hali. Kama kanisa lako lina sakramenti ya kitubio au desturi ya kuungama mbele ya mchungaji, nenda katikati ya Desemba, kwa sababu karibu na mkesha foleni huwa ndefu na padri naye amechoka.

Mwezi wa Novemba mwaka 1943, Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyefungwa na Wanazi, aliandika barua kutoka gereza la Tegel mjini Berlin, akilinganisha chumba cha mfungwa na Majilio: mtu anangoja, anatumaini, anafanya hiki na kile kisicho na uzito mkubwa, na mlango umefungwa, unaweza kufunguliwa kutoka nje tu. Tendo lako dogo halifungui mlango. Linakuzuia usilale usingizi unapongoja hatua za anayekuja.

Hatua ya saba: Kuanzia tarehe 17, ita kwa jina

Kanisa la Magharibi, tangu karne za kale, limekuwa likiimba katika Masifu ya Jioni, kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba, antifona saba, yaani viitikio vifupi, zinazoanza kwa mwito "Ee". Kila siku Kristo anaitwa kwa jina moja: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, na mwisho Emanueli. Zote humalizikia kwa ombi lilelile la "njoo". Kuna fumbo ndani yake, kwa kuwa herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini, zikisomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo, hutoa maneno *ero cras*, maana yake "kesho nitakuwepo".

Katika juma hilo punguza maneno ya sala zako hadi yabaki jina moja na ombi moja. Aliyefungwa na tabia asiyoweza kuiacha aite Ufunguo. Asiyelala usiku aite Mapambazuko. Mwenye uamuzi mgumu aite Hekima. Unaweza kulirudia jina moja siku zote saba. Hakuna atakayekuhesabia kosa. Wakati wa sala ya namna hii hautengwi sana: unaita ukiwa njiani, ukiosha vyombo, ukingoja zamu yako.

Ukikwama

Siku utakazozikosa zipite. Usizilipe.

Kuna huzuni, hata hivyo, ambayo sala peke yake haikuwekwa iibebe. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi umekosa usingizi au hamu ya kula, hupati ladha katika jambo lolote, na kazi za kawaida zimekuelemea, mwone daktari kama ambavyo ungemwona kwa homa isiyoshuka, na umweleze padri au mchungaji wako pia. Ikiwa mawazo ya kujidhuru yamekujia, mwambie mtu leo hii, kabla ya kumaliza kusoma, na usikae peke yako. Rahabu naye hakujiokoa akiwa peke yake; aliwakusanya baba yake, mama yake na ndugu zake ndani ya nyumba yenye kamba.

Na kwa waliofiwa: tajeni jina la marehemu. Familia nyingi hunyamaza ili zisiharibu sikukuu, na ukimya huo huwa mzito kuliko machozi. Jina litajwe mezani mara moja, kwa sala fupi, mapema, kabla kila mtu hajaanza kulikwepa.

Usiku wa tarehe 24

Soma aya sita za mwisho, ambazo zinamwonyesha Yesu akiwa na miaka kumi na miwili, na mama yake akiyaweka moyoni mambo ambayo hakuyaelewa. Kisha itoe ile karatasi kwenye Isaya 9. Zisome tena "hata lini" zako nne. Huenda moja imejibiwa. Huenda zote ziko vilevile, na mwanao bado hajapiga simu. Chini yake, kama unaweza, nakili aya ya tano ya Zaburi ya 13 kwa mwandiko wako. Kama huwezi, andika "njoo" peke yake.

Zima taa. Kaa pumzi kumi. Washa mshumaa ulio mfupi kuliko yote, uuache uwake unapovaa kwenda ibadani, na uuzime kabla hujafunga mlango.